Tuseme Kuna Mtu

Kila alasiri, jua likishahamia upande wa pili wa nyumba, Mwalimu alikuwa akivuta kiti hadi kwenye ncha ya meza ya kukatia nguo, anasogeza vipande vya kola kwa kiwiko, anafungua daftari lake na kusema, "Tuseme kuna mtu."

Mkewe hakuinua kichwa. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye alimwita hivyohivyo tangu ujana wao, alipomshonea shati la kwanza likatoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na bwana akalivaa hivyohivyo kwenda kufundisha. Sasa wote wawili walikuwa na mvi, na Fundi bado alikuwa palepale kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, pini mbili amezibana mdomoni.

"Mm," alijibu.

"Tuseme kuna mtu anataka kitu kwa mkubwa wake wa kazi. Basi kila asubuhi ni sifa. Mzee hiyo tai imekukaa, mzee watoto wako wana akili, mzee siku hizi umerudi ujana."

Fundi alitoa pini mdomoni. "Kama kinyozi na mwenye nyumba wake."

"Huyohuyo. Anamfanyaje?"

"Anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na mwenye nyumba anavyopenda kupakwa, ananyoosha na shingo."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamteremka puani, kisha akaandika. Upande wa kushoto wa daftari palikuwa na Kiingereza, "butter someone up", kwa herufi zilizosimama wima kama wanafunzi mstarini. Upande wa kulia akaweka yale ya mkewe, akaiacha tu ile shingo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kustaafu. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, na kitu ambacho hakikumtoka kichwani ni nyuso za watoto wanapokutana na misemo ile isiyofasirika neno kwa neno. Mtoto anajua "give" ni kutoa, anajua "up" ni juu, halafu unamwambia "give up" ni kukata tamaa. Anakutazama kana kwamba umemwibia. Wanasoma kitabuni kwamba mzee fulani amepiga ndoo teke, darasa zima linacheka, kumbe mzee wa watu amefariki. Kamusi zilizokuwapo zilieleza, lakini maelezo yenyewe yalihitaji mtu wa kuyaeleza. Mwalimu alitaka kitabu ambacho mtoto akikifungua atakuta kile ambacho mama yake angekisema jikoni. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja akikiandika, kuanzia A, polepole, kama mtu apandaye ngazi na mzigo.

Fundi aliishia darasa la nne. Kiswahili alikisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, na hakuruka neno. Kiingereza hakukijua, ukiondoa kile cha kwenye vibandiko vya nguo. Ndiyo maana Mwalimu hakumsumbua nacho. Badala ya kumuuliza neno, alimletea mtu: tuseme kuna mtu kafanya hivi, kajibiwa vile. Na Fundi, ambaye tangu asubuhi watu walikuwa wakiingia mlangoni mwake kupimwa viuno huku wakimwaga habari za majirani, alimjibu kama anavyojibu mteja, mikono ikiendelea na kazi.

Kuna siku walishindana juu ya "fall through" mpaka chai ikapoa.

"Tuseme kuna mipango," Mwalimu alisema. "Harusi imepangwa, kadi zimechapwa, halafu basi."

"Basi nini?"

"Basi haipo tena."

"Wamegombana?"

"Hilo si letu, Fundi. Mipango imefanyaje?"

"Imeyeyuka."

"Kuyeyuka ni polepole. Hii imekwama ghafla."

"Imegonga mwamba basi. Lakini kama kadi zimechapwa, na gauni limeshakatwa. Mwambie huyo mtu wako anilipe kitambaa changu."

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Mtu anayejitafutia matatizo mwenyewe akawa anajipalia makaa. Aliyeponea kwenye tundu la sindano akawa amechungulia kaburi. Mwalimu aliandika yote kwa mkono wake, kwenye daftari lake, kwa wino wake, na jioni alipokuwa akiyasoma upya alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu anayeshangaa mambo yanayomtoka kichwani.

Walipomaliza herufi ya L, wachapishaji wakaandika barua. Walikuwa wameisoma sehemu ya kwanza na wameipenda. Sasa waliomba kurasa za mbele zitangulie: jina, dibaji, shukrani. Aliyekuwa akipiga chapa ni binti yao wa mwisho, muuguzi, ambaye siku zake za mapumziko alikuja na kompyuta akaziweka kurasa sawa. Alizichapa, akaziacha juu ya meza ya kukatia, akawahi zamu yake.

Fundi alizishika ili zisichafuke kwa chaki. Ukurasa wa juu ulikuwa wa shukrani, na ulikuwa kwa Kiswahili, basi akaketi akausoma, kidole mstari kwa mstari. Mwalimu alimshukuru mkuu wa chuo alikosomea ualimu. Alimshukuru mkaguzi aliyemtia moyo, na mwenzake mmoja marehemu aliyempa kamusi. Alimshukuru binti yake kwa kupiga chapa. Alimshukuru hata mlinzi wa maktaba, aliyekuwa akimwekea kiti karibu na dirisha. Mwisho akawashukuru wote ambao hakuweza kuwataja kwa kukosa nafasi.

Chini ya hapo ukurasa ulikuwa mtupu, nusu nzima.

Fundi aliusoma tena, pengine ameruka mstari. Hakuwa ameruka. Akaukunja vizuri, akaurudisha juu ya wenzake, akaenda kumalizia pindo la sketi. Sindano ilikatika mara mbili.

Hakuwa anataka jina kwenye kitabu. Angelipeleka wapi? Kilichomkaa kooni ni yule mlinzi wa maktaba na kiti chake.

Kesho yake alasiri kiti kikavutwa kama kawaida. M na N walikuwa wameshazipita wakati kurasa zile zikichapwa, bila shida kubwa, maana yalikuwa machache. Sasa ilikuwa O.

"Tuseme kuna mtu, kazini kwake hali si nzuri," Mwalimu alisema. "Kosa moja tu, anafukuzwa. Huyu yukoje?"

Amekalia kuti kavu. Jibu lilifika lenyewe mpaka kwenye meno. Fundi akalimeza.

"Sijui, Mwalimu."

"Hujui?"

"Wewe ndiye uliyesoma."

Mwalimu aliinua kalamu akangoja, akidhani utani haujaisha. "Leo Fundi umeamkia mkono wa kushoto," alisema mwishowe, akainamia kamusi zake. Baada ya muda mrefu akaandika, mbele ya "on thin ice", maneno haya: kuwa katika hali ya hatari.

Fundi alikuwa amejipangia siku tatu. Siku tatu zinatosha, aliwaza, mtu mwenye masikio kuuliza, mama watoto, nimekukosea nini? Na huyu alikuwa ameishi kwa kuuliza maswali. Lakini Mwalimu hakuuliza. Aliona mkewe ana kazi nyingi, msimu wa sare umefika, akaamua kutomchosha. Siku tatu zikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na kile alichokianza Fundi kama mtego kikageuka kinyongo cha kukaa nacho, cha kulala nacho na kuamka nacho. Kila jibu lililomjia alilirudisha. Yule anayejikusanya baada ya kilio, Fundi alijua kwamba amepiga moyo konde. Mwalimu akaandika kujidhibiti kihisia. Yule anayetoa siri ya wenzake amemwaga mtama. Mwalimu akaandika kufichua taarifa. Alikuwa akiandika kwa bidii, peke yake, paji la uso limejikunja, na Fundi alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho.

Walipofika T, Mwalimu alimgeukia.

"Hili nisaidie, Fundi. Tuseme kuna mtu ana kitu kizuri. Anacho kila siku, mpaka amekizoea. Anapita mbele yake asikione. Mpaka siku kikiondoka ndipo anashtuka."

Fundi aliuondoa mguu kwenye kanyagio. Alimtazama mumewe usoni, akitafuta dhihaka, akaikosa. Mzee alikuwa amekaa, kidevu juu, anangoja jibu kwa moyo mweupe kabisa. Fundi hakujua kama anachezewa yeye au wanachezewa wote wawili.

"Mtu wa namna hiyo hana jina," alisema, akageuka kutafuta uzi ambao haukuwa umepotea.

Mwalimu akaandika, "take for granted": kuchukulia kitu kuwa cha kawaida. Baadaye, kila Fundi alipoirudia nyuma miezi ile, alijua mlango ulikuwa wazi siku hiyo, wazi kabisa, na yeye alikuwa amekaa kizingitini akichagua rangi ya uzi.

Kitabu kilikwenda kwa wachapishaji. Baada ya wiki tano ikaja barua ya mhariri, na Mwalimu, ambaye barua zote alizisoma kwa sauti, akaja nayo kwenye meza.

"Mpendwa Mwalimu," alisoma. "Kuanzia A hadi N, hapa ofisini tumekuwa tukisomeana kwa sauti na kucheka. Kuanzia O hatukuelewa kilichotokea. Maana zote ni sahihi, lakini Kiswahili kimekufa ganzi. Ni kana kwamba kitabu kimeshikwa na mtu mwingine, na mtu huyo amechoka. Tunaomba radhi kuuliza: uko salama kiafya?"

Tusifiche. Fundi kwanza alisikia utamu. Mahali fulani, kwenye ofisi asiyoijua, mtu amesoma na kuona hasa pale alipoondoka yeye. Utamu wenyewe haukudumu, kwa sababu alimwona Mwalimu akiikunja barua ile mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikakataa kukunjika.

"Mtu mwingine," Mwalimu alisema taratibu. "Ameona."

"Ameona nini?"

"Fundi, mimi mwenyewe nimejua tangu zamani. Zamani nilikuwa nikikaa hapa, maneno yanakuja. Nalifikiria neno, hilo hapo. Sasa nakaa siku nzima naambulia vumbi." Aligusa paji la uso kwa ncha ya kalamu. "Ni kama baba."

Baba yake Mwalimu alimaliza miaka yake ya mwisho akimuuliza kila aliyeingia kama ndiye aliyemletea viatu. Fundi alimwogesha mkwewe yule kwa mikono yake. Alijua mumewe anazungumzia nini.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni, "Usijitie wasiwasi, ni uchovu tu."

Mwalimu akaacha kuvuta kiti. Alasiri alikaa chumbani akijipima. Aliandika majina ya wanafunzi wake wa mwaka fulani, safu kwa safu, na alipokwama kwenye dawati la nyuma alitoka akiwa na uso wa majivu. Alipoteza miwani ikiwa kichwani, jambo alilolifanya maisha yake yote, ila sasa alipoivua hakucheka. Alianza kumwita binti yao kwa jina lake kamili, polepole, kama anayelikagua.

Mwishowe akaomba mwenyewe kupelekwa kwa daktari, na Fundi akaenda naye. Walikaa kwenye benchi refu la mbao, Fundi amempakatia kofia. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao, mpole, asiye na haraka. Alimpa Mwalimu maneno matano ayakumbuke. Akamwambia ataje wanyama. Mwalimu akamtaja mbuzi mara mbili, akajisikia. Daktari akampa karatasi achore saa. Na yule aliyechora saa ubaoni kwa vizazi vya watoto akazisonga namba zote upande mmoja, kumi na mbili ikagusana na tatu.

Daktari akamgeukia Fundi. "Na wewe mama, nyumbani umeona mabadiliko gani?"

Mwalimu naye akageuka. Wote wawili walikuwa wakimtazama.

"Amepungukiwa maneno," Fundi alisema.

Daktari akaandika. Alisema hofu nayo inamvuruga mtu, haoni sababu ya kukata shauri leo, warudi baada ya miezi mitatu apime tena. Mwalimu hakusikia habari ya hofu. Alisikia yale ya mkewe, na kote njiani alirudi akiwa amemshika mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya barabarani tangu wazae.

Wiki hiyo aliandika barua moja tu. Ilikuwa ya kwenda kwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa mhadhiri wa chuo kikuu. Alimwomba alichukue daftari lote, arekebishe kuanzia O, na kitabu kitoke kwa jina la huyo mwanafunzi, kwa kuwa yeye mwalimu wake hataweza tena kukitetea. Aliitia kwenye bahasha kubwa pamoja na daftari, akaifunga kwa uzi wa cherehani wa mkewe. Jumamosi binti angeipitia.

Binti alikuja asubuhi. Akamkuta mama yake jikoni anaosha sahani ambazo zilikuwa safi.

"Usiibebe hiyo bahasha," Fundi alisema.

"Baba ameniambia niipeleke leo."

"Kichwa cha baba yako hakina kitu. Maneno yale yalikuwa yangu. Nilipoona ule ukurasa wenu wa shukrani, nikamnyima."

Binti aliweka mkoba chini. "Ulimnyima nini?"

"Majibu. Nilikuwa nayo. Nilikuwa naye mezani, ananiuliza, ninayo mdomoni, namwambia sijui."

"Mama, miezi yote hii?"

"Miezi yote hii."

"Na kwa daktari ulikuwepo." Binti alisema kama anayehesabu vidonge. "Daktari wetu yule wa hospitalini huwa anamuuliza mtu wa nyumbani. Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

Fundi alifuta sahani ileile. "Usiniulize hilo."

Binti alikaa kwenye kigoda. Alikuwa na hasira ya kiuguzi, ile isiyopandisha sauti. "Watu wanakuja kwangu na hofu hiyo, Mama. Wengine hawalali."

"Na wewe ule ukurasa uliupiga chapa kwa vidole vyako. Hukuona kama kuna mtu hayupo?"

"Sikuona," binti alisema. Kisha akaongeza, "Mimi sitasema kitu. Ni la kwako. Lakini naondoka saa saba, na usipokuwa umemwambia, bahasha naibeba, maana nimemwahidi."

Fundi alijifuta mikono akaenda chumbani. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati la kutokea ingawa hakuwa na safari. Njiani, hatua chache zile za ukumbini, Fundi alikuwa amefikiria aanze kama alivyokuwa akianza mumewe, tuseme kuna mtu. Akaona huko ni kujificha nyuma ya mtu ambaye hayupo.

"Huna ugonjwa wowote," alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Anayefukuzwa kwa kosa moja amekalia kuti kavu. Aliyejikaza baada ya kilio amepiga moyo konde. Aliyetoa siri amemwaga mtama. Anayeona akajifanya haoni, anajitia hamnazo. Yote nilikuwa nayo siku ileile uliyoniuliza."

Fundi alimwona Mwalimu akirudi mezani kwa mawazo, siku moja moja, akikaa tena kwenye kile kiti na kusikiliza upya.

"Yale ya kabla ya O," alisema. "Kugonga mwamba."

"Mimi."

"Kujipalia makaa."

"Uliniuliza, nikakujibu. Nilikuwa natia zipu suruali ya yule mfanyakazi wa posta."

"Nilidhani tunaongea tu," Mwalimu alisema.

"Tulikuwa tunaongea."

"Basi kwa nini..." Aliishia hapo, na Fundi akamwambia habari ya ukurasa, ya mlinzi wa maktaba na kiti cha dirishani. Akisikika mwenyewe, lilikuwa jambo dogo, dogo la kuaibisha, kama kuonyesha tundu la nguo ambalo ungeweza kulishona mwenyewe kwa dakika tano.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Hilo ni kosa langu," alisema. "Hilo nimekukosea, na ungeniambia siku ile ningejipiga makofi mbele yako." Alifungua kifungo cha shati. "Lakini daktari alikuuliza."

"Ndiyo."

"Nilichora ile saa. Niliona mwenyewe nilivyoichora. Nikasema, huyu hapa ananijua kuliko wote, ngoja nimsikie yeye. Nikakugeukia."

"Najua."

"Ulikuwa umeshika kofia yangu."

Fundi angefurahi kama angetukanwa. Mwalimu alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, na binti alipoondoka saa saba aliiacha bahasha juu ya meza bila kuuliza mtu.

Siku mbili nyumba ilikuwa na maneno ya lazima tu: maji yamekatika, mteja yuko mlangoni. Siku ya tatu, alasiri, Fundi alisikia kiti kinaburutwa. Mwalimu hakusogeza vipande kwa kiwiko safari hii. Aliomba nafasi: "Naweza kuweka daftari hapa?" Na Fundi akajibu kwamba anaweza.

Alikuwa amepiga mstari mpya wa wino ukurasani, ukafanya safu ya tatu, nyembamba. Juu yake aliandika herufi moja, F. "Kila jibu lako litawekewa alama hapo," alisema. "Na dibaji nimeiandika upya, nitakusomea. Wachapishaji wametupa mpaka mwisho wa mwaka."

"Si lazima, Mwalimu."

"Ni lazima."

Wakaanza upya kuanzia O. Mwalimu alileta watu wake mmoja mmoja, kwa ukamilifu, na Fundi alisimamisha cherehani kila mara ili asikie vizuri. Alifikiri kabla ya kujibu. Maneno yalikuja, hayakuwa yamekwenda popote, lakini yalikuja yamechanwa nywele na kuvalishwa viatu. Alijua sasa yanakwenda wapi. Kinyozi hakuingia tena katika mazungumzo, wala mwenye nyumba, wala bibi harusi wa watu na gauni lililokatwa. Akimaliza kujibu, Mwalimu aliandika, akatia F yake kwenye safu nyembamba, na kila mara, bila kuruka hata mara moja, akasema, "Asante, Fundi."

Miaka kumi na moja hakuwahi kumshukuru kwa neno hata moja. Alikuwa akicheka tu, miwani inamteremka. Sasa alimshukuru kwa kila neno, kwa heshima zote, kama anavyomshukuru mtu aliyempokelea mzigo kwenye gari, na Fundi alizipokea asante hizo moja baada ya nyingine, akiihisi kila moja ikimchoma kama pini.

Wakafika U.

"Tuseme kuna mtu," Mwalimu alisema, "leo hajisikii sawa. Si ugonjwa hasa. Hataki chakula, hataki kelele. Huyu ana nini?"

Fundi alifikiri. "Mwili hauna raha."

"Mwili hauna raha." Aliandika mbele ya "under the weather", akatia alama. "Asante, Fundi."

Kisha hakuendelea. Alibaki ameinua kalamu, macho yamemkaa mkewe usoni, kama anayempa nafasi. Fundi alijua anangoja nini. Alingoja naye: jirani fulani, mteja wa asubuhi, kichekesho chochote kidogo cha kuungia kama zamani. Alitafuta, akayatazama mapindo yaliyomlalia magotini, akatafuta tena, hakuja hata mmoja.

"Inayofuata," alisema, akaurudisha mguu kwenye kanyagio.